Adhabu Iandikwe Kabla ya Mbio

Wasee wa Lodwar, wa Kakuma, wa Kalobeyei, na nyinyi wa Nairobi mnaosoma hii mkiwa ndani ya matatu: leo nimekuja kugombana. Nagombana na wale mashabiki wa "timu kwanza". Mnawajua. Ukisema dereva fulani ameonewa na timu yake mwenyewe, wanakujibu, "Timu ni kubwa kuliko mtu," halafu wanakunja mikono kama watu waliomaliza mjadala.

Hamjamaliza. Mimi nasema hivi: madereva wawili wa timu moja wanaweza kupigania ushindi mpaka mita ya mwisho na timu isivunjike, bora kila adhabu iwe imeandikwa kabla gari la kwanza halijaondoka. Kinachovunja timu ni bosi anayetunga sheria katikati ya mbio, akiwa tayari anaona itamuumiza nani.

Na mfano wa kwanza siutoi Ulaya. Nautoa hapa hapa Kenya.

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Ile ya zamani haikuwa kama hii ya Naivasha tunayoiona siku hizi kwa simu. Ilikuwa safari kweli, maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, vumbi, matope, twiga barabarani, na barabara hazijafungwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kulikuwa na vituo njiani, kila kituo na muda wake. Ukichelewa, dakika zako za kuchelewa zinaandikwa kama adhabu. Mwisho wa mbio wanajumlisha, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Yaani hukushinda kwa kupata pointi. Ulishinda kwa kuadhibiwa kidogo kuliko wengine.

Sasa mwaka 1973, mwaka ule ule ubingwa wa dunia wa rally ulipoanza, madereva wawili wa Datsun walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Mmoja ni Shekhar Mehta, ndani ya Datsun 240Z. Mwingine ni Harry Källström wa Sweden, ndani ya Datsun 1800 SSS. Kampuni moja, mbio ndefu kuliko akili inavyoweza kubeba, na hesabu inafungana hadi pointi ya mwisho. Nani mshindi?

Hapo ndipo bosi wa siku hizi angeshika redio. Angesema Källström ni jina kubwa, ameshinda RAC ya Uingereza mara mbili, mpe yeye. Ama angesema Mehta ni wa huku, tuuze magari mengi Nairobi, mpe yeye. Lakini haikuhitajika kelele. Kulikuwa na kanuni ya sare: aliyekaa muda mrefu zaidi bila adhabu tangu mwanzo wa mbio ndiye anayetangulia. Wakaangalia karatasi. Mehta. Kwisha.

Kuna mtu atasema kanuni yenyewe ni ya ajabu. Kwa nini usafi wa siku ya kwanza uwe na uzito kuliko usafi wa siku ya mwisho? Swali zuri. Mimi mwenyewe sioni kama kanuni hiyo ina hekima yoyote ya pekee. Lakini ilikuwa ya wote, na ilikuwepo kabla mtu hajajua itamfaa nani. Ni kama ile kanuni ya goli la ugenini ambayo UEFA waliifuta mwaka 2021. Watu waliilia, waliitukana, lakini timu iliyotolewa kwa goli la ugenini haikusema refa ameitunga dakika ya 90. Waliijua wakipanda ndege. Kanuni mbovu inayojulikana ina heshima kuliko kanuni nzuri inayochomolewa mfukoni.

Na Mehta huyo alikuwa nani? Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ikaja Kenya. Mwaka uliofuata akashinda Safari, na baadaye akashinda nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Jumla tano. Kwa hivyo dereva aliyeshinda Safari mara nyingi kuliko wote ni mtu aliyefurushwa kwao, na taji lake la kwanza lilitokana na kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi badala ya huruma ya mtu. Wewe unayesoma hii ukiwa Kakuma, soma hiyo sentensi tena.

Sasa tuende upande wa pili, tuone adhabu ikigeuzwa kuwa kiboko cha bosi.

Mwaka 1995, Rally ya Catalunya, Uhispania. Vijana wa Subaru, hii ni ya kwenu. Carlos Sainz na Colin McRae, wote wa Subaru, wako mbele. David Richards, mkubwa wa timu, anatoa amri: nafasi zibaki zilivyo, Sainz ashinde kwao. McRae anakataa. Anakanyaga mafuta na kumpita kwa muda. Basi timu ikafanya nini? Ikamtaka achelewe makusudi kwenye kituo cha muda ili apigwe adhabu ya dakika moja. Akachelewa, akapigwa, Sainz akapewa ushindi.

Hebu fikiria hiyo. Adhabu ya kuchelewa iliwekwa kwa sababu ya haki: kila mtu afike kwa wakati wake. Timu ikaichukua, ikaigeuza, ikamchapa nayo mtoto wake ambaye kosa lake lilikuwa kuwa na kasi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini huo msumeno ulikuwa umeshikwa na mtu mmoja na anachagua mti.

Wakaenda mbio ya mwisho ya mwaka, RAC, wakiwa na pointi 70 kila mmoja. McRae akashinda, akawa bingwa wa dunia. Mashabiki wa timu kwanza hupenda kusema, "Si unaona, mwishowe haki ilipatikana?" Ilipatikana kwa sababu McRae alikuwa mkali kupita kiasi. Ni huyo huyo aliyekuja kushinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Haki inayohitaji uwe McRae ndio uipate si haki. Wengi wetu si McRae.

Sasa tuje kwa hii mnayoijua, McLaren ya 2025, Lando Norris na Oscar Piastri.

Silverstone, mwezi wa Julai. Piastri anaongoza, anafunga breki kwa nguvu nyuma ya gari la usalama, waamuzi wanampiga sekunde 10. Norris anashinda nyumbani. Piastri anauliza timu kwa redio kama wanaona ameonewa, basi wabadilishane nafasi. Timu inakataa. Sawa kabisa. Sina ubishi hapo. Adhabu imetoka kwa waamuzi, si kwa timu, na timu haina kazi ya kurudisha kilichochukuliwa na refa.

Lakini njoo Monza, mwezi wa Septemba. Norris yuko wa pili, Piastri wa tatu. Wanaingia kubadilisha matairi, Piastri kwanza. Norris akiingia, gurudumu linasumbua, anachelewa, anatoka akiwa nyuma ya Piastri. Timu inamwambia Piastri: rudisha nafasi. Piastri anawakumbusha kwamba walishakubaliana kuchelewa kwa matairi ni sehemu ya mbio. Kisha anatii.

Angalia tofauti. Julai Piastri alipoteza, timu ikasema ndiyo mbio hiyo. Septemba Norris alipoteza, timu ikasema hapana, turekebishe. Najua watasema mazingira hayakuwa sawa, kwamba kosa la Monza lilikuwa la timu na kwamba Piastri aliingizwa kwanza kwa makubaliano. Naikubali hiyo hoja nusu. Kama kulikuwa na makubaliano kwamba atakayeingia kwanza hatafaidika, basi yangesemwa wazi kwa kila hali, hata matairi yakikwama. Dereva asingekuwa anauliza swali akiwa kilomita 300 kwa saa.

Halafu ikaja Singapore, mwezi wa Oktoba. Norris akamgusa Piastri mzunguko wa kwanza. Timu ikamwacha aende. Baadaye tukasikia Norris atapewa adhabu ya ndani ya timu. Adhabu gani? Hawakuitangaza. Kisha Austin wote wawili wakagongana kwenye mbio fupi, na adhabu hiyo ikafutwa. Maze, hii ni nini? Adhabu isiyotangazwa, kwa kosa lisilo na kipimo, inafutwa kwa sababu ya ajali nyingine! Hata nyumbani mama akikuchapa, anakuambia ni ya nini.

Sasa najua jibu lenu la mwisho, na ndilo kali kuliko yote, kwa hivyo nalileta mwenyewe. Norris alichukua ubingwa wa 2025 kwa pointi 423, Max Verstappen 421. Tofauti ni mbili. Ile nafasi ya Monza ilimwongezea Norris pointi tatu. Ukizitoa kwa karatasi, Verstappen ndiye bingwa na McLaren inaenda nyumbani bila taji la madereva. Kwa hivyo "timu kwanza" ilifanya kazi, ama?

Ilifanya kazi kwa timu. Hilo silikatai. Lakini muulize Piastri, aliyemaliza wa tatu na pointi 410, baada ya kuongoza msimu kwa miezi. Hata tukisema hizo pointi tatu zisingemsaidia, na kwa hesabu zisingemsaidia, sasa hatawahi kujua ni lini alishindwa na Norris na ni lini alishindwa na meza ya wakubwa. Na Norris naye, aliyeshinda kwa jasho lake, kila siku atakutana na mtu wa kumkumbusha Monza. Sheria ya mfukoni iliwachafua wote wawili: mshindi na mshindwa.

Linganisha na Naivasha mwaka 2023. Toyota walichukua nafasi nne za kwanza. Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä wakapigania ushindi mpaka Jumapili, na Ogier akashinda kwa sekunde 6.7. Sekunde 6.7 baada ya siku nne za mawe na vumbi la Kedong! Rovanperä alikuwa anapigania ubingwa, mtu wa timu kwanza angesema apewe. Hakupewa. Na mwisho wa mwaka bado akawa bingwa wa dunia, na Toyota ikachukua la makampuni. Ushindani wa ndani haukuua mtu.

Najua kuna mmoja anajiuliza: haya yote yanahusiana nini na sisi, huku ambako gari la kasi tunaloliona ni Land Cruiser nyeupe ikipigia mbuzi honi?

Yanahusiana na steji.

Steji ya boda ni timu. Mnavaa riflekta za rangi moja, mnachangiana matanga na hospitali, mwenzenu akipata ajali mnafika kabla ya ambulensi. Lakini abiria ni mmoja na nyinyi ni kumi. Mwenzako wa timu ndiye mpinzani wako wa kwanza, kuanzia asubuhi mpaka usiku. Ndio maana kuna faini: ya kuruka laini, ya kunyang'anya mteja, ya kupigana, ya kukosa mkutano. Faini ni kitu kizuri. Bila faini, steji ni vita.

Shida inaanza faini ikiwa imehifadhiwa kwa kichwa cha mwenyekiti. Hapo kijana mmoja akiruka laini anaambiwa "usirudie", kwa sababu mjomba wake ndiye mweka hazina. Mwingine akiruka laini ile ile anaambiwa atoe mia tano ama asionekane wiki nzima. Na wiki nzima bila kubeba ni nini? Pikipiki nyingi ni za mkopo, ama ni za mwenyewe anayetaka hesabu yake kila jioni. Wiki moja bila kazi, mwenye pikipiki anaichukua. Hujapigwa faini ya wiki, umefukuzwa kazi. Na hakuna kanuni popote iliyosema kosa la kuruka laini ni kufukuzwa.

Kakuma ni zito zaidi. Kambi iko pale tangu 1992. Kuna vijana waliozaliwa pale, wakakua pale, na sasa wanabeba abiria pale, pamoja na vijana wetu Waturkana. Barabara ni moja, kama kilomita 120 kutoka Kakuma hadi Lodwar, na vumbi ni lile lile. Lakini mwenyeji akitaka kuja Lodwar anawasha pikipiki na kuondoka. Mkimbizi anahitaji kibali kutoka nje ya eneo lake. Kwa hivyo hata mkiwapa adhabu sawa kwa maneno, haiwi sawa kwa uzito. Ukimfungia mwenyeji wiki mbili, atakuja kubeba Lodwar ama Lokichar kwa binamu yake. Ukimfungia mkimbizi kwenye steji, umemfungia dunia.

Kuna msee wa kwetu atasema, "Hawa wana mgao, sisi tuna jua. Wacha walipe zaidi kidogo." Namuelewa. Ukame haujatubagua kwa kadi, na kuna machungu ya miaka kwamba misaada inapita mlangoni mwetu ikienda kwa mwingine. Lakini kurekebisha dhuluma moja kwa kumtungia mtu mmoja faini yake ya pekee ndiyo hesabu ile ile ya Monza. Leo inakufaa kwa sababu mwenyekiti ni wako. Mwenyekiti akibadilika, utajua msumeno una meno pande zote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa kumnyang'anya mgeni mia tano.

Na msiniambie wadogo hawawezi kubadilisha sheria za wakubwa. Februari 2025, dereva Adrien Fourmaux alipigwa faini ya euro 10,000 na FIA kwa neno moja chafu alilolitamka akihojiwa Sweden. Neno moja tu! Madereva walikuja Safari ya Kenya mwezi wa Machi wakiwa wameungana. Chama chao kikatangaza: mwisho wa hatua watanyamaza ama watajibu kwa lugha za mama zao. Watu wanaopimana kwa sehemu ya sekunde, wa timu moja na wa timu pinzani, walikubaliana kwa jambo hilo. Kufikia Mei, FIA ikapunguza kiwango cha msingi cha juu cha faini kutoka euro 10,000 hadi 5,000. Hawakuomba huruma wala kusema faini zifutwe. Walisema faini ifanane na kosa.

Basi hiki ndicho ninachotaka kwa kila steji, Lodwar na Kakuma. Ni karatasi moja tu. Kosa upande huu, faini upande ule. Iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe kwa sauti siku ya mkutano, kwa Kiturukana na kwa lugha nyingine za waliopo, maana si kila mtu anasoma. Kufungiwa kuwe ni jambo la mwisho kabisa, baada ya faini, na siku zihesabiwe. Anayeamua kesi asiwe ndugu wa mshtakiwa wala mwenye deni naye. Na faini mpya isimguse mtu aliyekosa kabla haijaandikwa. Kuchapisha karatasi hiyo pale saiba ni bei ya chini kuliko soda.

Mwenyekiti atakayekataa, muulizeni kwa upole anaogopa nini. Kama faini zake ni za haki, karatasi itamlinda yeye wa kwanza, kwa sababu hakuna atakayemwita mwizi. Akikataa bado, mnajua ameshika msumeno kwa nini.

Mwaka 1973 watu wawili wa Datsun walifungana baada ya maelfu ya kilomita, na hakuna aliyehitaji kuuliza mwenyekiti ni mjomba wa nani. Waliangalia karatasi. Iko wapi ya steji yenu?